Rampu ya kiti cha magurudumu: ulinganisho wa kusoma kabla ya kumwita fundi

Ngazi tatu za mlangoni huwa hazina habari mpaka siku mtu wa nyumbani anaporudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kuanzia hapo kila safari ya kutoka nje inataka watu wawili wenye migongo mizima, mmoja mbele na mmoja nyuma, huku aliyekaa amebana pumzi. Wiki haijaisha, familia imeanza kuulizia rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti badala ya ngazi, na majibu yanatoka kila upande: mwaga zege, nunua ya kukunja, piga ya mbao, badilisha gari kabisa. Kila anayeshauri ana sababu yake, na kila sababu ni ya kweli mahali fulani.

Nimemsukuma kaka yangu kwa miaka 11. Nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kuuliza gharama au malighafi: atakayepita hapo atapita peke yake, au lazima awe na mtu nyuma yake? Rampu fupi na kali hupitika akiwepo mwenye nguvu wa kusukuma. Asipokuwepo, mwenye kiti amefungiwa ndani vilevile kama alivyofungiwa na ngazi. Mita unayoipunguza kwenye rampu ili kuokoa nafasi, mara nyingi unaipunguza kwenye uhuru wake. Sisemi rampu fupi haina kazi. Ina kazi, na nitaieleza. Nasema tu ujue unachouza unapoinunua.

## Mambo ya kupima kwanza

Kimo. Hiki ndicho kinachoamua karibu kila kitu, nacho hupimwa vibaya mara nyingi. Watu hupima ngazi moja kisha wanazidisha. Ngazi hazilingani, na ardhi mbele ya mlango mara chache iko sawa. Chukua ubao mrefu ulionyooka, laza ncha moja kwenye sakafu ya mlangoni, weka pimamaji juu yake mpaka ubao ulale sawa, kisha pima kutoka chini ya ubao hadi ardhini. Pima pale rampu itakapoishia, si pale ngazi ya mwisho inapoishia. Ardhi ikiwa inashuka, sentimita 10 ulizozisahau zitadai zaidi ya mita 1 ya rampu.

Mteremko. Kipimo kinachotajwa zaidi ni 1:12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ndicho kikomo katika viwango vya Marekani vya majengo vya mwaka 2010, na nchi nyingine nyingi hukitumia. Kikomo maana yake ni ukali wa mwisho unaoruhusiwa. Starehe iko chini yake. Mwongozo wa Uingereza kwa majengo yasiyo makazi unafuata mantiki ninayoipenda: rampu inayopanda sentimita 16.6 tu inaweza kuwa 1:12, inayofika sentimita 33.3 iwe 1:15, na inayofika nusu mita iwe 1:20. Sababu ni mikono. Mtu anaweza kujikaza kwa mita mbili. Kujikaza kwa mita tisa ni jambo jingine.

| Kimo | Urefu kwa 1:20 | Urefu kwa 1:12 | Urefu kwa 1:6 |
|---|---|---|---|
| sm 15 | m 3.0 | m 1.8 | m 0.9 |
| sm 30 | m 6.0 | m 3.6 | m 1.8 |
| sm 45 | m 9.0 | m 5.4 | m 2.7 |
| sm 60 | m 12.0 | m 7.2 | m 3.6 |

Safu ya mwisho haihusu majengo ya umma. Nimeiweka kwa sababu watengenezaji wengi wa rampu za kubeba hutaja 1:6 kuwa mwisho wa ukali mtu akiwa amekaa kitini na kuna msaidizi, na 1:4 kwa kiti kitupu.

Nguvu. Chukua kiti na aliyekaa, jumla kilo 100. Kwenye 1:12 anayesukuma anabeba mzigo unaolingana na kilo 8 hivi muda wote wa kupanda. Kwenye 1:6 unakuwa kilo 16, na kwenye 1:4 kilo 24, kabla hujahesabu magurudumu yanavyokwama kwenye uso mbaya. Wakati wa kushuka mzigo huohuo unataka kukukimbia, na ni lazima uushike. Watu huulizana kama mama ataweza kumpandisha baba. Waulizane pia kama ataweza kumteremsha mvua ikinyesha.

Uzito. Kiti cha kusukumwa kwa mkono huwa na kilo 10 hadi 20 hivi. Cha umeme, pamoja na betri zake, mara nyingi kinapita kilo 100 kabla mtu hajakaa. Rampu huandikwa uzito inaoubeba. Jumlisha kiti, mtu, mizigo inayoning'inia nyuma ya kiti, na msaidizi ikiwa naye atakanyaga rampu.

Nafasi tambarare. Kabla ya kupanda, baada ya kupanda, na kila rampu inapokata kona, panahitajika jukwaa lililolala sawa, la urefu wa mita 1.5 hivi. Viwango vya Marekani vinataka pia jukwaa la kupumzikia kabla kimo hakijapita sentimita 76 kwa mpando mmoja. Jukwaa la mlangoni ndilo husahaulika zaidi. Kuna ofisi moja niliyompeleka kaka yangu ambayo rampu yake ilikuwa safi, imepakwa rangi, ina alama ya kiti imechorwa ukutani, lakini ilipanda hadi kugusa mlango unaofunguka kwa nje. Ili kuufungua ilibidi arudi nyuma, kwenye mteremko, mkono mmoja umeshika gurudumu na mwingine kitasa. Aliyeijenga alikuwa na nia njema, ila hakukaa kwenye kiti hata dakika moja.

Kingo na vishikio. Rampu inayopanda zaidi ya sentimita 15 iwe na vishikio pande zote mbili, sentimita 86 hadi 96 kutoka usoni mwa rampu. Kingo za pembeni ziinuliwe ili gurudumu dogo la mbele lisitoke nje. Upana wa kupitia, kati ya kishikio na kishikio, usipungue sentimita 91. Pale rampu inapokutana na ardhi au sakafu pasiwe na kidato: hata milimita 13 zinahitaji kuchongwa ziteremke, la sivyo magurudumu ya mbele yanagota na aliyekaa anarushwa mbele.

Muda. Je, nyumba ni ya kupanga? Mguu uliovunjika utapona baada ya miezi mitatu, au hali itabaki hivyo, au itazidi? Mwenye ugonjwa unaozidi anaweza kuwa kwenye kiti cha mkono leo na cha umeme mwakani. Rampu ya leo iweze kukibeba cha mwakani.

## Kwa majengo

### Rampu ya zege

*Kimo na nafasi.* Inafaa kimo chochote mradi una uwanja. Kwa sentimita 60 unahitaji zaidi ya mita 7, ukiongeza majukwaa unafika 10 hivi, kwa hiyo mara nyingi hukunjwa katikati kama herufi U. Pima uwanja wote kabla ya kuchimba.

*Nguvu na uzito.* Hapa zege halina mpinzani. Halitikisiki, halipigi kelele, linabeba kiti cha umeme, mkokoteni wa mizigo na watoto wanaokimbia. Kwa mwenye kiti anayepita peke yake, ule uthabiti chini ya magurudumu ni utulivu wa moyo pia.

*Uso na matunzo.* Kosa kubwa ni lipu laini. Fundi anataka kazi yake ing'ae, anaisugua mpaka inakuwa kioo, na mvua ya kwanza inaigeuza kuwa utelezi. Mwambie mapema: zege likiwa bado bichi lipigwe mistari kwa ufagio mgumu, kwa kukata njia, si kwa kufuata njia, ili magurudumu yashike na maji yatoke pembeni. Mwambie pia rampu isilale upande mmoja kupita kiasi; kiti huvutwa kuelekea pale palipo chini, na anayeendesha kwa mikono anachoka mkono mmoja. Na maji yaliyokuwa yakipita mbele ya ngazi yapewe njia mpya, la sivyo yatakusanyika chini ya rampu, mahali hasa ambapo kiti kinapaswa kugeuka.

Simama pale fundi anapopiga kamba. Kosa la mteremko kwenye zege halirekebishwi kwa urahisi, linavunjwa. Nimeona rampu iliyochorwa 1:12 ikamalizwa 1:8 kwa sababu katikati ya kazi ilionekana "inakula uwanja".

*Kuhama.* Haihami. Kwenye nyumba ya kupanga au jengo lenye wamiliki wengi, ruhusa iwe kwa maandishi.

*Inamfaa* mwenye makazi ya kudumu, shule, zahanati, nyumba ya ibada, duka, mahali popote ambapo watu wengi wasiojulikana watapita kwa miaka mingi.

### Rampu ya alumini ya kuunganisha vipande

*Kimo na nafasi.* Huja kwa vipande na majukwaa yanayofungwa kwa bolti, na miguu yake hurefushwa kufuata ardhi. Inaweza kukata kona kukwepa mti au mfereji. Urefu unaotakiwa ni uleule wa zege. Malighafi haibadilishi hesabu ya mteremko.

*Nguvu na uzito.* Hubeba viti vya umeme bila shida ikiwa imefungwa sawasawa. Hulia kidogo inapopitiwa, jambo ambalo baadhi ya watumiaji wanalichukia na majirani pia. Miguu isiwekwe juu ya udongo mtupu. Ilalie vibamba imara, kwa sababu mguu mmoja ukizama sentimita 2 rampu yote inapinda.

*Uso na matunzo.* Haiozi wala haishiki kutu kama chuma. Juani hupata moto, na vishikio vyake vinaweza kuunguza kiganja kwenye jua kali. Kaza bolti kila baada ya miezi michache.

*Kuhama.* Hapa ndipo inapoizidi zege. Inafunguliwa, inahamishwa, inaongezwa kipande, hata kuuzwa kwa mwingine anayeihitaji.

*Inamfaa* mpangaji, familia isiyojua hali itakuwaje baada ya mwaka, na ofisi inayokodi jengo.

### Rampu ya mbao

*Kimo na nafasi.* Kama mbili zilizotangulia, ila seremala wa karibu anaweza kuikata ilingane na mahali pagumu.

*Nguvu na uzito.* Inategemea kabisa anayeijenga: unene wa mbao, umbali kati ya mihimili, na kama imepigwa misumari tu au imefungwa kwa skrubu na bolti. Kwa kiti cha umeme usikubali neno "itabeba tu". Uliza mihimili iko umbali gani, na uipitishe mizigo kwanza kabla ya mtu.

*Uso na matunzo.* Mbao mbichi ikilowa huteleza, na ukungu wa kijani ukishika, huteleza zaidi. Ibandikwe karatasi ya msasa ya nje au ipakwe rangi iliyochanganywa mchanga. Mbao za kukanyagia zilale kwa kukata njia, zikiwa na upenyo mdogo wa kutoa maji. Kila mwaka zichomwe kwa bisibisi pale zinapogusa ardhi. Bisibisi ikizama, ubao huo umeoza.

*Kuhama.* Huvunjwa kwa urahisi, hujengwa upya kwa shida.

*Inamfaa* anayehitaji rampu ya urefu kamili upesi, penye mbao nzuri na seremala anayeaminika, na aliye tayari kuitunza. Kwa miaka mitatu minne inaweza kuwa jibu zuri kuliko alumini fupi iliyonunuliwa kwa haraka.

### Rampu ya kubeba

Hapa ndipo watu wengi huingia, na ndipo wengi hujuta, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ziko za aina tatu. Ya kukunja ni kama sanduku: inafunguka kwenye bawaba na ina mpini. Ya reli mbili ni mifereji miwili inayovutwa ikarefuka, gurudumu la kushoto kwenye mmoja na la kulia kwenye mwingine. Ya kuviringisha hufungwa kama mkeka.

*Kimo na nafasi.* Ya kukunja yenye mita 1.8 kwa 1:12 inamaliza sentimita 15, yaani ngazi moja. Muuzaji atakwambia inafika sentimita 30, naye hakudanganyi: inafika, kwa 1:6. Sasa rudi kwenye hesabu ya nguvu hapo juu uone ni nani nyumbani mwako atakayesukuma.

*Nguvu na uzito.* Nyingi huandikwa kubeba kati ya kilo 270 na 360, kwa hiyo kuvunjika si tatizo la kawaida. Tatizo ni kuteleza kwa ncha ya juu. Ncha hiyo ilale yote juu ya sakafu tambarare na ifungwe kwa mikanda au pini zilizokuja nayo. Rampu zenyewe nazo ni nzito: ya mita 1.8 mara nyingi ni kilo 12 hadi 20. Aliyemo kitini kwa kawaida hawezi kujiwekea.

Reli mbili ni nyepesi na hufika mbali, lakini msaidizi hutembea kati ya reli juu ya ngazi zilezile, na kiti kikienda upande kidogo gurudumu linapanda ukingo. Pikipiki ndogo ya umeme ya magurudumu matatu haiwezi kuzitumia kabisa, maana gurudumu lake la mbele liko katikati, pasipo na kitu. Ya kuviringisha inafaa kwa kuziba matuta na udongo laini kuliko kwa kupanda.

*Uso na matunzo.* Nyingi zina uso wenye chenga za mchanga. Osha matope. Angalia bawaba zisibane vidole.

*Kuhama.* Ndiyo kazi yake.

*Inamfaa* anayetembelea ndugu, anayesafiri, mwenye mguu wa plasta kwa wiki chache, mlango wa ngazi moja. Haimfai anayetaka kutoka peke yake kila asubuhi, labda iwe ya ngazi moja na ibaki imewekwa.

### Kabari ya kizingiti

Kipande cha mpira au alumini kinachozibia kizingiti cha sentimita 2 hadi 10 hivi. Hakina mengi. Kikatwe kilingane na upana wa mlango, kisiguse mlango unapofunguka, kibandikwe au kifungwe kisihame. Cha mpira kinatulia na hakipigi kelele. Nakitaja peke yake kwa sababu familia hujenga rampu ndefu nje, kisha mwenye kiti anakwama kwenye kizingiti cha bafu ndani. Tembea nyumba nzima na rula. Inamfaa karibu kila mtu, kama nyongeza.

## Kwa magari

Gari lina hesabu nyingine. Hakuna anayetembea na rampu ya mita 7 garini, kwa hiyo mteremko mkali unavumiliwa kwa umbali mfupi, na kazi inahamia kwenye kuishusha sakafu au kuinua kiti kwa mashine. Kwa mabasi na magari ya abiria, kanuni za Marekani zimeruhusu hata 1:4. Mwongozo wa nchi hiyo wa mwaka 2016 ulipendekeza ukali upunguzwe hadi 1:6.

Vipimo vinavyoongezeka ni viwili. Cha kwanza ni kimo cha kichwa: pima kutoka ardhini hadi utosini mtu akiwa kitini, kisha pima uwazi wa mlango wa gari, si dari ya ndani. Kiti kikiwa kwenye mteremko kinalala nyuma, na kinapofika juu kichwa hupanda ghafla. Acha nafasi. Cha pili ni tumbo la kiti: pale rampu inapokutana na sakafu kuna kilele, na kiti cha umeme chenye tumbo la chini hukwama hapo kama gari kwenye tuta. Vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka hukwama vilevile mwanzoni mwa rampu. Kwa hiyo jaribu na kiti chenyewe, si cha muuzaji.

### Rampu ya kubeba kwenye gari la kawaida

*Kimo na nafasi.* Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60, rampu ya 1:4 inahitaji mita 2.4, na ya 1:6 mita 3.6. Egesha kando ya njia ya waenda kwa miguu iliyoinuka sentimita 15 na unapunguza robo ya kimo hicho bila kununua chochote.
*Nguvu na uzito.* Kupakia kiti kitupu, sawa. Kumsukuma mtu kwenye 1:4, naliogopa, na nisingelifanya bila mtu wa pili.
*Matunzo.* Kidogo sana. Lakini rampu iliyolala garini bila kufungwa ni hatari breki zikikanyagwa ghafla.
*Inamfaa* anayeweza kuhamia kwenye siti ya gari mwenyewe au kwa kushikwa, huku kiti cha umeme kikipandishwa kitupu.

### Mlango wa ubavuni, sakafu iliyoshushwa

*Kimo na nafasi.* Gari hukatwa sakafu ikashushwa, na mengine huchuchumaa mlango ukifunguliwa. Kimo kikifika sentimita 30, rampu ya mita 1.8 inatoa 1:6. Kando ya gari unahitaji mita 2.4 hivi za kushusha rampu na kugeuza kiti. Ukirudi ukakuta mtu ameegesha pale, umekwama nje ya gari lako mwenyewe.
*Nguvu na uzito.* Zipo za mkono na za umeme. Faida yake kubwa ni mahali pa kukaa: mwenye kiti anaweza kufika mbele, kando ya dereva, au kuendesha mwenyewe gari likitengenezwa hivyo.
*Matunzo.* Rampu ya kukunja husimama mlangoni na kuwazibia njia abiria wengine, lakini ikigoma huvutwa kwa mkono. Inayojificha chini ya sakafu huacha mlango wazi, ila hukusanya mchanga na matope kwenye njia yake, na ikigoma huwa kazi ya gereji. Sakafu iliyoshushwa pia iko karibu na barabara, na barabara mbovu huigonga.
*Inamfaa* mwenye kiti anayetaka kusafiri au kuendesha kwa kujitegemea, na mwenye mahali pa kuegesha penye nafasi pembeni.

### Mlango wa nyuma

*Kimo na nafasi.* Unaingia moja kwa moja bila kugeuka. Pembeni huhitaji kitu, nyuma unahitaji urefu wa rampu na wa kiti.
*Nguvu na uzito.* Njia iliyonyooka huwarahisishia wenye viti virefu, vyenye miguu iliyoinuliwa. Rampu mara nyingi ni ya mkono na ni rahisi.
*Matunzo.* Mashine chache, shida chache.
Kasoro mbili lazima zisemwe. Ukiegesha barabarani, mtu anashukia upande magari yanakotokea. Na aliyekaa kitini hubaki nyuma, mbali na mazungumzo. Kaka yangu alilisema hilo mara moja tu, kwamba alijiona mzigo uliopakiwa, na tangu siku hiyo silichukulii kuwa jambo dogo. Wengine hawajali kabisa, muulize mwenyewe.
*Inamfaa* familia yenye dereva wa kudumu, teksi, na anayeegesha kwenye nafasi finyu za pembeni.

### Lifti

*Kimo na nafasi.* Huinua wima, kwa hiyo kimo cha sakafu hakileti mteremko. Bado inataka nafasi ya kushuka na kutoka kwenye jukwaa.
*Nguvu na uzito.* Kwa kiti kizito na gari refu, hakuna kinacholingana nayo. Kanuni za usafiri wa umma za Marekani zinataka ihimili kilo 272. Anayesukuma hachoki.
*Matunzo.* Mota, haidroliki, nyaya, swichi. Inahitaji kukaguliwa kwa ratiba, na lazima iwe na pampu ya mkono ambayo kila dereva amefundishwa kuitumia, si kuonyeshwa tu. Huchukua dakika kadhaa kila mtu anapopanda, na inaongeza uzito kwenye gari.
*Inamfaa* basi la shule, gari la hospitali, na mwenye kiti cha umeme kizito kwenye gari la sakafu ya juu.

Iwe rampu au lifti, kuingia garini ni nusu ya safari. Kiti kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, mtu aangalie mbele, naye afungwe mkanda wake wa mabegani na nyonga mbali na mikanda ya kiti. Breki za kiti hazitoshi. Kiti kilichojaribiwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 7176-19 kina alama za pa kufunga kulabu. Kama chako hakina na mtu anaweza kuhamia siti ya gari, ahame.

## Kwa hali yako

Kama anaishi peke yake au anabaki peke yake mchana, anza na urefu: 1:12 au mteremko mpole zaidi ya huo, ya kudumu, yenye vishikio na jukwaa mlangoni. Zege ikiwa nyumba ni yake, alumini ikiwa ni ya kupanga.

Kama uwanja hauruhusu hata rampu iliyokunjwa, usilazimishe rampu kali. Tafuta mlango mwingine wa nyumba, mara nyingi wa nyuma au wa jikoni, ulio karibu zaidi na ardhi, au fikiria lifti ndogo ya wima.

Kama ni jeraha la kupona, kodi au azima ya kubeba, na kwa ngazi zaidi ya moja panga wasaidizi wawili.

Kama hali inazidi polepole, nunua kinachoongezeka: alumini ya vipande nyumbani, na kwa gari pima kimo cha kichwa na uzito wa kiti cha umeme hata kama bado hakipo.

Kama ni jengo la umma, chukua 1:15 au 1:20 uwanja ukiruhusu, na kabla zege halijamwagwa mwite mtu anayetumia kiti aupitie mchoro pamoja na fundi.

Kama anasafiri kama abiria na barabara zenu ni mbovu, mlango wa nyuma wenye rampu ya mkono utakusumbua kidogo kuliko ubavuni wa umeme. Kama anataka kuendesha mwenyewe, ubavuni.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, kata turubai au chora kwa chaki urefu kamili wa kila moja ardhini, pamoja na majukwaa yake, fungua mlango wote, kisha mwache mwenye kiti apite juu ya mistari hiyo, ageuke, afungue, arudi. Mfuate nyuma bila kumshika.